Tasnifu ya Maziwa ya Jioni

Mada yangu ya kwanza ilikataliwa kwa sababu ilikuwa kubwa mno. Ya pili ilikataliwa kwa sababu mtu mwingine alikuwa ameshaiandika, tena vizuri kuliko ambavyo ningeiandika mimi. Nilipoingia kwa msimamizi wangu mara ya tatu sikuwa na mada yoyote. Nilikuwa na hasira, pamoja na barua ya idara iliyosema kwamba nisipowasilisha pendekezo la utafiti kabla ya muhula kwisha, jina langu litaondolewa kwenye orodha ya wanafunzi wa uzamili. Nilikuwa nimeshaongezewa muda mara mbili.

Mimi ni mwalimu wa kilimo katika shule ya sekondari hapa Nakuru, na sipendi kushindwa hata kwenye mchezo wa drafti. Ubaya wangu ni kwamba nilikuwa nimewatangazia watu wengi mno kuwa nasoma. Kanisani walinipigia makofi. Kwenye chumba cha walimu waliniita Profesa, mwaka wa kwanza kwa mzaha, mwaka wa tatu kwa huruma. Kuitwa Profesa kwa huruma kunachosha.

Msimamizi wangu ni mzee mpole, mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliyezaliwa kwenye nyumba za reli papa hapa mjini. Alisukuma vitabu vyangu pembeni akakunja mikono.

"Wacha hivi kwanza," akasema. "Niambie kitu unajua na mimi sijui."

"Maziwa ya jioni," nikamjibu. Sikuwa nimefikiri. Nilikuwa nimeudhika tu, nikataja kitu ambacho mtu aliyelelewa kwa maziwa ya pakiti hawezi kukijua.

Nikamweleza. Kwetu, juu huko upande wa Olenguruone, ng'ombe hukamuliwa mara mbili. Maziwa ya asubuhi ni ya baba. Yanachukuliwa na pikapu ya chama cha ushirika, yanapimwa, yanaandikwa kwa jina lake. Ya jioni ni ya mama. Hakuna aliyetunga sheria hiyo na hakuna anayeitaja. Jioni pikapu haiji. Mama hukamua na kugawa anavyojua mwenyewe: ya chai, ya kugandisha kwenye kibuyu yawe mursik, ya jirani aliyejifungua, na yanayobaki huwauzia walimu na watu wa sokoni. Sare yangu ya sekondari ilitoka humo. Viatu vilitoka humo. Hata karo ya ule muhula baba alipokuwa amegombana na dunia nzima ilitoka humo.

Msimamizi alikuwa ameacha kukunja mikono, anaandika.

"Madam, hii hakuna mtu ameandika," akasema. "Hiyo ndiyo thesis yako. Nenda."

Nitasema ukweli: miezi miwili iliyofuata ilikuwa mizuri. Kila Jumamosi nilibeba githeri kwenye kopo, nikakaa maktaba karibu na dirisha, nikasoma kuhusu ng'ombe wa nchi nisizojua kuzitamka. Niligundua kwamba napenda kupanga kuliko ninavyopenda kitu kingine chochote. Nilipiga mistari kwa rula. Nilikuwa na kalamu ya kijani ya mambo ya nyumbani na nyekundu ya mambo ya sokoni, na mtu akigusa kalamu zangu tulikosana. Sura ya kwanza ikasimama, kisha ya pili. Nikaenda kwa meneja wa chama cha ushirika kuomba barua ya ruhusa, akanipa siku hiyo hiyo.

"Ukimaliza utuletee kopi, madam," alisema akipiga muhuri. "Sisi pia tunataka kujua jioni kuna nini."

Nilitoka pale kichwa juu. Tasnifu nyingi zinangojwa na vumbi tu, na yangu ilikuwa inangojwa na meneja.

Kisha nikaandika dodoso. Lilikuwa na maswali thelathini na mawili, kila moja na kisanduku chake. Swali la kumi na nne ndilo lililokuwa moyo wa kazi yote: Jana jioni ulikamua lita ngapi? Nililiandika upya mara sita mpaka nikaona halina doa. Msimamizi akanishauri nilijaribu kwa watu wachache kabla ya kuwasilisha pendekezo. Shule zilipofungwa nikapanda nyumbani, na mtu wa kwanza kumhoji akawa mama yangu mzazi.

Wazazi wangu walilipokea jambo hilo kwa heshima zote. Mama alifunga kitambaa kipya kichwani. Baba alivaa koti lake la mikutano, akaleta kiti akaketi karibu yetu, maana kwetu mgeni mwenye karatasi haachwi na mwanamke peke yake, hata kama mgeni mwenyewe ni binti wa nyumba. Chai ikaja, nzito, maziwa matupu. Nyumbani tunasema Kikipsigis, kwa hiyo maneno yao hapa nimeyageuza mimi.

Maswali kumi na matatu yalikwenda kama maji. Mama alijibu hata ambayo sikuuliza. Nikafika la kumi na nne, nikalisoma kwa sauti ya darasani.

Mama aliangalia zizi. Aliangalia kikombe chake.

"Jioni hawatoi kitu," akasema.

"Mama, hata kwa kukadiria."

"Ni baridi. Ng'ombe wa huku juu jioni wanasikia baridi."

Baba alimeza chai yake polepole, akafuta mdomo. Yeye huniita kogo, yaani nyanya, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Kogo," akasema, "andika sifuri."

Nikaandika sifuri. Ningefanya nini? Siku mbili zilizofuata nilizunguka kwa majirani, wanawake kumi na mmoja, wengine wakiwa na waume zao kando, wengine wakiwa na mama wakwe. Sifuri kumi na moja. Mmoja wao, baada ya kunihakikishia kwamba ng'ombe wake jioni hana hata tone, alinifungashia mursik nipelekee watoto Nakuru. Niliibeba ile mursik na ile karatasi ya sifuri mkono mmoja, nikiwa na hasira ya kupasua kibuyu.

Nilimkuta mama jikoni anamenya viazi. Nikamwambia ameniharibia kazi, na kwamba nisipopata namba nitafukuzwa chuoni.

"Nani alikusomesha?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Wewe."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa maziwa ya jioni."

"Basi unajua yapo. Sasa unataka nani mwingine ajue?" Aliweka kisu chini. "Kitu kikishaandikwa kinapata mwenyewe. Hiyo karatasi yako itafika kwa chama. Mwaka ujao pikapu itakuja jioni, na jina litakaloandikwa kwenye kitabu si langu."

Nilikumbuka meneja na muhuri wake. Niliona haya, haya ya kweli, ya kuchoma masikio. Wahenga walisema siri ya mtungi iulize kata. Kata nilikuwa mimi, na nilikuwa nimejipeleka mwenyewe ofisini, kwa miguu yangu, kuomba ruhusa ya kuitoa. Mama alinisukumia beseni la viazi na kisu kingine.

Nilirudi Nakuru na karatasi zangu. Msimamizi alizisoma moja moja, akacheka mpaka akavua miwani.

"Either hao ng'ombe ni muujiza, ama umeambiwa unyamaze," akasema. Kisha akawa makini. "Lakini wewe unajua. Umekulia huko. Andika vile uliona ukiwa mtoto, ufiche majina. Hiyo pia ni method. Panel itaipenda, nakuambia."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniumiza. Zilibaki wiki tatu muhula uishe. Nilikaa nikaiandika upya kwa njia hiyo, kurasa kumi na mbili, na sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile. Mama yangu alikuwemo mzima, mikono yake, ndoo yake, namna anavyomwimbia ng'ombe mkaidi. Majina niliyaficha. Lakini kila niliposoma niliona wazi kwamba pikapu haihitaji jina la mtu, inahitaji kujua saa tu. Nikaamua kwenda kumsomea mama, yeye ndiye aseme. Moyoni nilitumaini atalia kidogo aseme endelea. Sijivunii tumaini hilo.

Baba ndiye aliyenipokea barabarani. Alichukua mkoba wangu, jambo ambalo halifanyi, tukaanza kupanda kijia kupitia shamba la viazi.

"Mama yako anasema shule inakusumbua," akaanza.

"Kidogo."

"Ni yale ya jioni?"

Niliteleza kwenye tope nikapiga magoti, nikashika ua.

"Baba, kwani unajua?"

"Kogo, mimi ni mwanamume, si jiwe." Alisimama, akaweka mkoba juu ya kisiki. "Ng'ombe ni wangu. Najua yupi anatoa na yupi amekauka. Tangu nioe sijaingia kwenye zizi jioni. Unadhani naogopa matope?"

Nimeishi katika nyumba ile miaka kumi na minane, nikazaliwa humo, nikasomeshwa kwa siri yake, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu anayehesabu hata misumari yake hakuwahi kupita zizini baada ya saa kumi.

"Usiandike," akasema. "Simwombei mama yako. Najiombea mimi. Sasa hivi sijui, na nataka niendelee kutojua. Ikisomwa mbele za watu, wenzangu wataniuliza mbona nafanywa mjinga kwangu. Itanibidi nimuulize. Na nikimuuliza, atachagua kunidanganya au kunipa. Yote mawili siyataki."

Aliangalia shamba lake. Nilidhani amemaliza.

"Baba yangu aliuliza," akasema. "Mara moja tu. Mama yangu, huyu uliyechukua jina lake, hakujibu. Kuanzia jioni ile aliwafungulia ndama wakanyonya yote. Tulikunywa strungi, chai isiyo na maziwa, mpaka nikatahiriwa."

Alitema mate pembeni, akachukua mkoba tena. Nilikuwa nampenda baba yangu siku zote kwa sababu ni baba. Pale kwenye viazi, na magoti yangu yamejaa tope, nilimpenda kwa sababu ya mambo aliyokuwa ameyafanya mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwa kukaa tu upande wa pili wa nyumba.

Zile kurasa kumi na mbili sikumsomea mama. Aliniuliza nimeleta nini kwenye mkoba, nikasema sukari, na kweli sukari ilikuwemo. Kesho yake nilirudi Nakuru na zile kurasa, na ninazo mpaka leo. Kijiji chetu sitakitaja. Huko juu kuna vijiji vingi na kila nyumba ina ng'ombe.

Mada mpya niliiandika kwa siku tisa, na sikulala vizuri hata moja: barabara mbovu na namna maziwa ya asubuhi yanavyoharibika pikapu ikikwama wakati wa mvua. Si mada tamu. Lakini maswali yake mtu anaweza kuyajibu mbele ya mumewe, mbele ya mama mkwe, mbele ya meneja. Msimamizi aliisoma, akashusha pumzi kama mtu aliyepelekewa ugali baada ya kuahidiwa pilau. Hakuniuliza sababu. Alisahihisha marejeleo na kutia sahihi.

Siku ya kutetea pendekezo walikaa watu watano mezani. Mmoja, kijana mwenye tai, alifungua ukurasa wa tatu.

"Ng'ombe anakamuliwa mara mbili," akasema. "Mbona wewe unashughulikia asubuhi pekee?"

Jibu nilikuwa nimelifanyia mazoezi bafuni, mbele ya kioo, mpaka mwanangu akanigongea mlango.

"Hiyo ndiyo mipaka ya utafiti wangu," nikasema.

Kulikuwa na profesa mwanamke, mtu mzima, aliyekuwa kimya tangu mwanzo. Alinitazama juu ya miwani yake kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Mipaka iko sawa," akawaambia wenzake. "Tuendelee."

Nilipita, na masahihisho ya koma. Kwenye chumba cha walimu walininunulia soda na mandazi, wakaniita Profesa, na safari hii sikukasirika.

Wikendi ile nilipanda nyumbani kuwaambia. Baba alikuwa ameketi mbele ya nyumba, ameelekea barabarani, redio magotini. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa msitu. Aliniomba nimsomee jina la kazi yangu, nikalisoma polepole, nikiligeuza neno kwa neno.

"Ya asubuhi," akasema. Alifikiria. "Hayo ni yangu. Hayo andika yote, hata yanayomwagika."

Nikamwambia nitaandika yote. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaongeza sauti ya redio, na mama akapita nyuma ya kiti chake akiwa na ndoo.