Jeneza Lisilopakwa Vanishi

Mwenye karakana ya majeneza walimwita Mama Safari, kwa sababu ya kibao alichokipigilia mlangoni mwenyewe: SAFARI NJEMA. Marehemu mumewe alitaka paandikwe PUMZIKA KWA AMANI, lakini mama alikataa katakata, akasema hayo maneno kila mtu anayo, tena yanatia usingizi. Mteja akija analia, Mama Safari alimpa kiti, akampa maji, akamwacha alie mpaka atosheke. Kisha alimwonyesha lile la bei ya juu kwanza.

Sasa mtu kama huyo, anayekula na kuvaa kwa vifo vya wenzake, ungedhani haogopi kitu. Thubutu. Hospitali alikuwa hataki hata kuipita kwa mbele. Mumewe aliingia huko kwa miguu yake, anamtania muuguzi, akarudi amelala ndani ya sanduku alilolichonga kwa mkono wake mwenyewe. Tangu hapo mama aliapa hatakanyaga huko. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Karakanani kwake, basi, kuumwa kulipigwa marufuku. Ukisema kichwa kinauma, unaambiwa kunywa maji ya moto na uache uvivu. Yeye mwenyewe maji aliyanywa kutwa nzima, jagi halikai na kitu, na lawama zote alilitupia vumbi la mbao. Magauni yake yalianza kumpwaya, akawa anayabana kwa pini kiunoni na kujitia hamnazo.

Asubuhi moja fundi mkuu, ambaye ni mdogo wa marehemu mumewe, aliweka randa chini.

"Shemeji, mwisho wa mwezi naondoka."

"Unakwenda wapi na huo mgongo?"

"Kwa wale wanaotengeneza milango. Wanawakatia wafanyakazi bima ya afya. Binti yangu ana pumu, shemeji, na wewe unajua ninavyohangaika naye kila baridi ikiingia."

"Milango," alisema Mama Safari kwa dharau. "Kwani mtu anabadilisha mlango mara ngapi maishani?"

"Na jeneza je?"

Fundi yule ndiye aliyekuwa nguzo ya karakana, na mama alilijua hilo, ingawa angekatwa ulimi kabla ya kumwambia. Basi alimwita kijana wa bima.

Kijana alikuja na tai yake na mkoba wake, akatafuta pa kukaa. Kila palipokuwa bapa palikuwa jeneza. Fundi wa rangi, ambaye hata mkewe alimwita Vanishi, alipigapiga mfuniko mmoja kwa kiganja. "Kaa hapa, bosi. Wengi wamelitumia la aina hii na hakuna aliyerudi kulalamika." Kijana alikaa nusu tako, akaanza kueleza. Hata biashara ndogo inaweza kujiunga, alisema, na mkijiunga kwa pamoja bei inashuka. Kila mmoja anaingia na mwenzi wake na watoto. Ila kikundi kisipungue watu watano, na wote wapimwe kliniki kabla ya kadi kutolewa.

"Sasa sisi tukipona," Vanishi aliuliza, "na majirani nao wakiiga wakapona, hapa tutamuuzia nani?"

"Wewe paka rangi," alisema Mama Safari. "Wateja hawajawahi kuisha." Akawatazama watu wake: shemeji, Vanishi, Satini anayeshona vitambaa vya ndani, na Polepole, dereva wa gari la maiti. "Hawa ni wanne. Wa tano tumtoe wapi?"

"Wa tano ni wewe, Mama."

"Mimi siumwi."

"Huo ndio wakati mzuri wa kukata bima," kijana alisema, naye Mama Safari akamtazama kana kwamba amemtukana.

Wale wanne walikwenda kupimwa. Mama hakwenda. Leo kuna mazishi, kesho mbao zinaingia, keshokutwa miguu inamuuma, na hapo alijiuma ulimi kwa sababu alikuwa amesema haumwi. Mwishowe aliwaita na kuwaambia kwamba kampuni imewakataa. "Wamesikia tunafanya kazi na maiti, wamechukia." Waliamini. Shemeji aliinama, akarudi kwenye randa yake, na mama hakuweza kumtazama usoni siku ile.

Lakini uongo una miguu mifupi. Siku mama yuko kwa wauza mbao, kijana wa bima alipita. "Mama yuko wapi jamani? Kadi zenu zote zinamsubiri yeye tu akapimwe."

Shemeji hakutukana. Alikwenda kwenye rundo la mvule, akachagua ubao.

Hapa lazima niseme jambo moja kuhusu mafundi wa majeneza. Wana tabia mbaya: wakikutazama, wanakupima. Hawakusudii, maskini. Hata harusini, bibi harusi anaingia, watu wanasifu gauni, wao wameshajua urefu wake na upana wa mabega. Wale wanne walikuwa wamemwona Mama Safari akipungua wiki baada ya wiki. Walinyamaza, maana nani atamwambia bosi kitu kama hicho?

Mama alipokuja asubuhi alikuta jeneza jipya juu ya meza, halijapakwa kitu.

"La nani hili? Mbona hapajaja mteja?"

Satini aliinamia cherehani yake. Mama alilizunguka, akapitisha mkono ukingoni. Na yeye jicho lile alikuwa nalo. Alitazama urefu, akatazama tena, mkono ukasimama.

"Urefu ni wangu," alisema taratibu. "Mabega si yangu."

"Ni yako, shemeji. Ya sasa hivi," fundi alisema. "Kaka alikuwa akikutania kwamba mabega yako yatamtia hasara, lazima aunge mbao mbili. Hili nimelitengeneza kwa ubao mmoja na umetosha. Unakwisha, na sisi tunakuona."

"Mnanichimbia kaburi nikiwa hai?"

"Kaburi si kazi yetu, Mama," Vanishi alisema.

"Chagua," shemeji aliendelea. "Leo uende kliniki, mtoto wangu apate kadi na wewe ujue unaumwa nini. Au Vanishi alimalizie."

Mama alimgeukia Vanishi. Mtu wa maskhara yule alikuwa ameshika brashi, macho yamejaa machozi. Ndipo Mama Safari alipoogopa kwelikweli.

Gari la kumpeleka kliniki lilikuwa lile moja la maiti. Alikaa mbele na Polepole, wakaenda mwendo wa Polepole, na njia nzima watu walisimama kando na kuvua kofia. "Kanyaga mafuta," mama alimnong'oneza, "kabla hawajaanza kuimba."

Kilikuwa kisukari. Daktari aligomba, akasema angechelewa kidogo tu angeletwa amebebwa. Alimwanzishia dawa, akamkataza sukari. Kadi zilitoka. Binti wa shemeji alipata dawa yake ya kuvuta, na wale wa milango walitafuta fundi mwingine.

Jeneza lilibaki kona, limesimamishwa ukutani bila vanishi. Wateja walilitaka, mama akasema lina mwenyewe. Kila mara shemeji alimsimamisha mama kando ya jeneza, akakunja jicho, akatikisa kichwa. "Bado linakutosha."

Miezi ilipita. Siku moja wenzake wakiwa nje wanakunywa chai, mama alilijia peke yake. Aligeuka, akarudi kinyumenyume ili aingie. Mabega yalikwama kingoni. Alijaribu tena, akajibana, yakakwama. Alisimama pale akiwa ameegemea ule ubao mmoja, akalia, akamlilia mumewe kama hakuwahi kumlilia siku alipomzika.

Alipomaliza alifuta uso kwa upindo wa kanga, akaenda mlangoni.

"Vanishi, njoo ulipake hili, uliuze," alisema. "Halinitoshi."