Kibuyu Juu ya Moto

Nyinyi vijana mnaokula githeri yangu hapa Kiamunyi mkiuliza maharagwe haya makubwa nimeyatoa wapi, nyamazeni kidogo. Mimi sikusoma sana. Nitasema vile niliona.

Tulikuwa na shamba huko juu, upande wa Molo. Asubuhi moja kulikuwa na ukungu mwembamba, na maharagwe yanayopanda fito yalikuwa yamekauka. Maganda yalikuwa yanalia kwa upepo, polepole, kama mtu anayetembea juu ya majani bila haraka. Yale ya chini kwa kila shina hatukuwa tunakula. Hayo ni ya mbegu. Unayaacha yakauke yenyewe, unapukuchua, unapaka mbegu jivu, unatia kwa kibuyu, unaning'iniza juu ya moto wa jikoni ili moshi ufukuze wadudu. Mbegu yake ni ya zambarau, ina madoa meusi. Ukiifuta jivu inang'aa kama jicho la ndama.

Kura zilikuwa zimetangazwa, na watu wengi wa makabila tofauti walikuwa wameacha kusalimiana. Lakini Chebet, jirani yetu wa kabila lile lingine, alikuwa bado anaongea na sisi juu ya ua. Mzee wangu, baba Wanjiru, alimtania kwamba maharagwe yake yanapanda fito ili yachungulie tumepika nini.

"Yanatafuta chumvi yawaletee, mzee," Chebet akasema. "Kwenu mnapika bila."

Tulicheka. Kicheko hicho hunijia hata leo, kutoka mbali, kama kinatoka chini ya maji.

Saa nne tuliona moshi ng'ambo ya mto. Nyumba za watu wetu zilikuwa zinachomwa.

Tulibeba watoto wawili na blanketi moja. Tukakimbilia kanisani.

Tulipofika mlangoni nikajishika kichwa. "Kibuyu," nikasema.

Mzee akaniangalia. "Mbegu tu?"

"Na tutapanda nini?"

Akarekebisha kofia yake. Akarudi.

Sikumwona tena.

Watu wa kanisa ndio walimzika. Nyumba iliungua yote, na kibuyu ndani yake.

Tukaletwa Nakuru, kwa mahema. Siku za huko sizikumbuki vizuri. Nakumbuka vumbi jeupe, na turubai ikipumua juu yetu kama kitu kilicholala.

Siku moja nikaona mwanamke anakuja katikati ya mahema, vumbi limemfunika hadi magotini. Alikuwa Chebet. Alifungua fundo la leso. Ndani kulikuwa na zambarau na madoa meusi.

"Mama Wanjiru, hizi ni zako. Ulinipa msimu uliopita."

Ni kweli. Kila msimu tulikuwa tunapeana konzi moja moja, ili shamba la mmoja likiharibika, mwingine awe nayo. Nilikuwa nimempa kwa mkono wangu mwenyewe. Pale mlangoni mwa kanisa sikukumbuka. Kitu nilichomtuma mzee wangu kufuata kilikuwa kwa Chebet wakati wote.

Chebet alilia. Mimi nilifunga lile fundo tena.

Leo maharagwe hayo yanapanda hapa, na maua yake ni mekundu. Kukiwa na ukungu huwa naona kofia kati ya fito. Nikisogea, ni fito tu.

Tulipovuna mara ya kwanza niliita watu wote wa nyumba yangu jikoni. Nikawaambia: "Mbegu itawekwa nyumba tatu, na moja iwe ya Chebet. Na siku ya kukimbia, hakuna mtu atarudi nyuma. Hata nikimtuma mimi."