Jiwe Kwenye Mizani ya Uwanja wa Ndege

Kabla sijaolewa na kuletwa Chuno, mjini Mtwara, ndege nilikuwa naziona kwa mbali tu, zikipita juu ya mikorosho ya baba yangu. Nilikuwa nasimama na kapu mkononi najiuliza waliomo mle wako vipi: wamekaa, wamelala, au wanajishikilia tu? Hakuna aliyenijibu. Mama yangu alikwisha kufa, na baba aliniambia okota korosho, wewe, ndege haikuhusu. Nikayameza maswali yangu, lakini hayakufa.

Yalipata nafasi yao masika moja ya mvua nyingi, Rufiji ilipofurika na barabara ya Dar es Salaam ikakatika. Wifi yangu, binti pekee wa mama mkwe wangu, alikuwa huko Dar na mimba yake ya kwanza, mwezi wake umeshaingia. Mumewe baharia, yuko safarini. Na kwao Mikindani, kwa ukoo wa mama mkwe wangu, mzazi wa kwanza hukandwa na mama yake. Si jirani, si shangazi, mama. Meli nayo haikujulikana itakuja lini. Basi mama yule alikuwa hali akashiba, halali, anazunguka uani akiongea peke yake. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami nilikuwa sijazaa. Niliona anazidisha, sitaki kudanganya.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi bandarini, ndiye aliyesikia kwamba kuna ndege ndogo imeleta dawa na barua na itarudi Dar na kiti kimoja kitupu. Akakiombea mama yake, akapewa. Rubani aliuliza tu mwenyewe ni mtu wa kiasi gani, mume wangu akajibu mama yangu mwembamba, kama hayupo. Nyumbani akamwambia mama: mzigo ni kikapu kimoja kidogo, basi. Kisha akaenda zamu yake, mimi ndiye nikaachiwa kusindikiza. Nilifurahi mpaka nikaona haya, maana safari yenyewe haikuwa ya furaha.

Asubuhi mama mkwe akatoka chumbani amenenepa. Wallahi, mwanamke niliyemjua kama ufito alitoka amefutuka ndani ya buibui, anatembea miguu imeachana. Nikamwuliza ana nini. Akaniambia nifunge mdomo wangu nimwitie lori. Lori la mchanga likatubeba, yeye mbele, mimi nyuma.

Uwanja wenyewe ulikuwa banda la bati, majani, na njia pana iliyonyooka kuliko kitu chochote nilichopata kukiona. Mbuzi walikuwa wanakula pembeni na mtu mmoja anawafukuza kwa fimbo. Mimi sikungoja kukaribishwa, nikaenda moja kwa moja kwenye ndege nikaigusa ubavuni. Bati! Nyembamba kama debe la mafuta ya taa. Rubani alikuwa kijana wa Kizungu mwenye Kiswahili cha kuungaunga, nikamwuliza ule mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti ni wa nini. Wa kuonyesha upepo, akasema, kwa sababu ndege huruka ikiukabili upepo. Nikamwambia watu wa mashua wote hapa huutafuta upepo uwasukume kutoka nyuma. Akacheka. Nikamwuliza huko juu kunaonekana nini. Akasema mdomo wa Ruvuma unaonekana wote, maji yake mekundu yanaingia baharini na kwenda mbali kabla hayajachanganyika, kama chai ambayo bado hujaikoroga maziwa. Niliwaza hayo maji hata nikasahau niliyemsindikiza.

Kando ya banda palikuwa na mizani, na hiyo sikuhitaji kuuliza. Ilikuwa ni ile ile ya kununulia korosho, yenye bamba chini na mkono wa chuma juu. Mpimaji naye, mtu mzima mwenye kofia, msimu wa korosho alikuwa anapima magunia vijijini. Akapima kikapu, kisha akamwambia mama mkwe apande na yeye. Hapo ndipo mama alipogutuka, maana kwa hesabu yake kilichovaliwa mwilini si mzigo.

Lakini mizani ni mizani, na mtu wa kwetu akiiona anajua kazi ni moja tu, asipunjwe. Akapanda akajikita kwa uzito wake wote, macho kwenye ule mkono wa chuma, akamwambia mpimaji aangalie vizuri, asije akamlia kilo zake. Mpimaji akasogeza, akasogeza tena. Akautazama uso wa yule mama, mashavu yameingia ndani, akatazama na kiwiliwili kilichojaa. Akamwita rubani. Rubani akatikisa kichwa. Ndege alikwisha kuipakia kwa hesabu ya mama mwembamba, na wingu lilikuwa linapanda kutoka baharini. Uzito upungue, au mama abaki.

Tukaenda nyuma ya banda, nikamshikia buibui kama pazia. Zikatoka khanga, doti juu ya doti, za mzazi na za mtoto. Ikatoka chupa ya samli iliyofungwa kiunoni, mfuko wa pilipili manga, na kipande cha papa mkavu ambacho mpaka leo sijui alikitia wapi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Akarudi kwenye mizani, bado amezidi. Tukaacha na kikapu chenyewe, bado. Rubani, Mungu ampe heri, akashusha begi lake mwenyewe. Bado kidogo.

Mpimaji akamtazama kwa jicho ambalo nililijua tangu utotoni. Ndilo jicho wapimaji walilokuwa wakilitazamia gunia la baba yangu.

"Mama," akasema taratibu, "umeweka jiwe?"

Alisema kwa utani, maana hakuna mkulima wa korosho asiyeujua mchezo huo wa kutia jiwe guniani. Mama mkwe akaingiza mkono ndani ya buibui, akafungua fundo tumboni, akatoa jiwe. Jiwe kweli, jeusi, laini, la kujaa viganja viwili. Mpimaji alicheka akashika nguzo.

Mimi nilikasirika. Nikamwuliza, kwani Dar hakuna mawe?

"Yapo," akasema. "Lakini hayamjui."

Akatueleza pale pale, anahema. Jiwe hilo hutiwa kwenye makaa, likafungwa kitambaani, akakandwa nalo mzazi. Lilimkanda bibi yake, likamkanda mama yake, likamkanda yeye siku alipomzaa huyo binti. Mpimaji aliacha kucheka, akamweleza rubani. Rubani akalitazama jiwe, akalitazama wingu, akasema pole, mama.

Mama mkwe akasimama nalo. Machozi yalimtoka bila sauti, nami nikaona aibu kwa kicheko changu chote cha nyuma ya banda. Kisha akaniwekea jiwe mikononi, akapanda mizani bila kuutazama ule mkono wa chuma, na mkono ukatulia. Akaingia kwenye ndege mikono mitupu, yeye anayekwenda kwa mzazi.

Ndege iliondoka, majani yakalala, mbuzi wakakimbia. Kitu nilichokitamani tangu utoto kiliinuka mbele yangu, nami sikukiona vizuri. Jiwe lilikuwa bado na joto la tumbo lake.

Nilirudi kwa miguu, bunda la vitu kichwani, jiwe nimelikumbatia. Njiani, pale Chikongola, watu waliniuliza nimebeba nini, wakasema kajiwe tu hako. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi! Nilifika Chuno nikalitua chumbani kwake.

Simu ya maandishi ikaja posta: mama mkwe alimkuta binti bado, alijifungua kesho yake, mtoto wa kike, wote wazima. Alimkanda kwa mikono na chupa ya maji moto. Arobaini ilipokwisha akarudi kwa meli, na kabla hajakaa nikamwuliza aliuonaje mdomo wa Ruvuma toka juu. Akasema alifumba macho toka Mtwara hadi Dar. Sikumsemesha siku nzima kwa hasira.

Zamu yangu ya kuzaa ilipofika, nilimlilia mama yangu aliyekufa, maana nilijua desturi yao. Nilipokwisha kujifungua, nikageuka nikamwona mama mkwe amechuchumaa mbele ya jiko, jiwe limo kwenye makaa.

"Mama," nikamwambia, "hilo mimi halinijui."

Alikuwa anakunja kitambaa, hakuinua uso.

"Ulilibeba toka uwanjani mpaka hapa," akasema. "Linakujua."

Akalifunga, akalijaribu kwanza mkononi mwake, kisha akanikanda.