Bia Iliyonuka Mayai Viza

Mume wangu alirudi nyumbani Wamagana kutoka Nairobi akiwa na godoro, sanduku la bati, na thamosi ambayo hakutaka mtu yeyote aiguse. Miaka yote aliyokaa mjini alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia, mpaka mgongo ukamshinda. Nilidhani ndani ya thamosi mna dawa. Alipoifungua niliona uji mzito wa rangi ya malai, baridi kama maji ya mto.

"Hii ni hamira," akaniambia. "Iko hai. Usiweke karibu na jiko."

Sandukuni mlikuwa na kimea cha shayiri na mfuko wa maua makavu ya hopsi, yale yanayoipa bia uchungu wake. Mzungu aliyemfundisha kazi alimpa mfuko huo alipokuwa akirudi kwao. Miaka mingi alikuwa akimsimulia juu ya bia ya kwao, nyeupe kiasi, chungu, yenye harufu ya hopsi kuliko bia yoyote ya dukani. Bia hiyo huchachushwa kwa hamira inayopenda joto, na hamira hiyo hatukuwa nayo. Ile ya thamosi, aliyoitoa kiwandani, ilikuwa ya laga, bia ya kawaida ya dukani, nayo hutaka baridi na hufanya kazi yake polepole. Mume wangu alisema huku kwetu baridi ni ya bure, acha tuone.

Ilikuwa majira ya gathano, ile miezi ya ukungu ambapo jua hatulioni na nguo hazikauki. Alichemsha kimea na hopsi katika sufuria la harusi, akaacha yapoe, akamimina kwenye mtungi wa alumini tuliokuwa tukipelekea maziwa, kisha akatia hamira. Mtungi akauficha stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Mimi nilikuwa na hofu tangu alipowasha moto. Siku hizo chifu na askari wake walikuwa wakipita boma kwa boma wakimwaga pombe za nyumbani na kuondoka na wenyewe. Naibu wa chifu alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya ua.

Kisha harufu ikaanza. Niliamka asubuhi nikadhani kuku amekufa darini. Stoo nzima ilinuka mayai viza.

"Imeoza," nikamwambia mume wangu. "Mwaga."

"Haijaoza. Hamira ya laga hupumua hivyo. Itaisha yenyewe."

"Na naibu wa chifu akipumua hiyo hewa?"

Alifunika mtungi kwa blanketi kuukuu. Lakini blanketi halifuniki harufu. Niliacha kufungua dirisha la nyuma. Kila mbwa alipobweka nilisimama. Nilikuwa nimesikia pia habari za watu wa upande wa Mukurweini waliokunywa pombe mbaya wakapofuka, wengine wakafa, na kila nilipoinusa ile stoo niliwafikiria watu hao.

Siku moja mume wangu alikwenda Karatina kutafuta chupa tupu. Mchana nilimpelekea baba mkwe wangu chai katika nyumba yake ndogo. Nilibisha, hakuitika. Kwetu mke wa mwana haingii ovyo mahali alipolala baba mkwe, kwa hiyo nilisimama mlangoni nikamwita. Nikasikia akigumia. Niliingia.

Alikuwa amelala chini kando ya kitanda, anatetemeka, mdomo umekauka. Karibu na mkono wake palikuwa na kikombe cha bati. Nilikiinua, nikakinusa. Mayai viza na hopsi.

"Baba, umekunywa ya kwenye mtungi?"

"Kidogo tu, mama. Kifua kilikuwa kinaniuma."

"Baba, unaniona?"

Alinitazama kwa muda mrefu. "Naona giza giza," akasema.

Nilikimbia barabarani nikipiga kelele, nikamsimamisha jirani aliyekuwa akipeleka kabeji Nyeri kwa pikapu. Tulimlaza mzee juu ya magunia, nami nikakaa nyuma nikimshika kichwa. Njia nzima nilikuwa nikimwinulia vidole mbele ya macho na kumuuliza ni vingapi. Mara anajibu, mara ananyamaza. Jirani aliuliza mzee ana nini. Nilimwambia ni homa.

Hospitalini tulipokelewa na daktari kijana mwenye sauti ya chini. Askari wa hospitali alikuwa ameegemea mlango akitutazama.

"Amekula nini leo?" daktari akauliza. "Amekunywa nini?"

Nikisema, mume wangu atafungwa. Nisiposema, mzee atatibiwa ugonjwa usio wake, na akifa nitaishi vipi na watoto wake? Nilimtazama yule askari. Nikatazama miguu ya mzee, iliyokuwa na matope ya kwetu bado.

"Amekunywa pombe," nikasema.

"Chang'aa?"

"Hapana, daktari. Ni bia. Imechacha tu, haijageuzwa mvuke kama chang'aa."

"Nani ametengeneza?"

"Ni mimi."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Neno lilinitoka tu. Askari aliacha kuegemea mlango.

Daktari alimulika macho ya mzee kwa tochi, la kwanza, la pili, akarudia. Kisha akaweka chombo chake kifuani, akasikiliza mbele na mgongoni.

"Huyu mzee amekuwa akikohoa tangu lini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kikohozi nilichokuwa nikikisikia kutoka nyumba yake ndogo, ambacho sikukitilia maanani kwa sababu masikio yangu yalikuwa yakisikiliza askari tu.

"Ni mapafu," daktari akasema. "Homa kali ndiyo inamletea giza. Macho yake ni mazima. Lakini ungechelewa mpaka kesho, ungekuja kuchukua maiti." Kisha akamgeukia askari. "Lete kitanda cha magurudumu. Hayo mengine si kazi yetu."

Mume wangu alifika jioni, uso umemwishia damu. Nilimweleza yote ukumbini, kwa kunong'ona. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Ulisema?" akaniuliza. "Mbele ya askari?"

"Nilisema."

"Mimi ningenyamaza," akasema. "Baba yangu mwenyewe, na ningenyamaza."

Nilimuogopa wakati huo, kisha nikamhurumia.

Mzee alilazwa, akadungwa sindano, akaanza kuomba uji. Siku niliyorudi nyumbani kulisha ng'ombe, naibu wa chifu alikuja. Aliketi kwenye benchi karibu kabisa na dirisha la stoo. Nilimpa chai.

"Nimekuja kuulizia mzee," akasema. "Ati ni nini kilimshika?"

"Mapafu, afande. Ni hii baridi."

Akanywa. Akanusa hewa. "Hapa kuna mayai yameharibika."

"Kuna kuku amelalia mayai stoo, akayaacha."

"Basi yatupe, mama. Yataleta ugonjwa." Alimaliza chai yake, akavaa kofia, akaenda zake. Mpaka leo sijui kama alijua.

Harufu ile iliisha yenyewe, kama mume wangu alivyosema, na hamira ikatulia chini ya mtungi. Tuliitia bia chupani mzee alipokuwa amesharudi, akiota moto jikoni kwetu. Ilikuwa ya rangi ya majani makavu, inang'aa, chungu mwanzoni na safi mwishoni. Mume wangu alinimiminia glasi, akaningoja niseme neno.

"Ni nzuri," nikamwambia, na ilikuwa kweli. Lakini nje kulikuwa na mtu akipita na ng'ombe njiani, na niliimaliza glasi yangu nimesimama, sikio mlangoni.