Siti ya Mama Mkwe

Mtu akitaka ushauri wangu kuhusu gari la familia, sianzi na injini. Namuuliza kwanza: kwenu nani anapata taabu kupanda na kushuka? Wengi hucheka. Nami nacheka nao, kisha nawasimulia tulivyolipata la kwetu.

Kwetu aliyepata taabu ni mama yake mke wangu. Anaishi karibu na Kilambo, ukingoni mwa Ruvuma. Alizaliwa ng'ambo, Msumbiji, akavuka akiwa msichana. Magoti yake yamechoshwa na jembe. Mara ya mwisho kuja kwetu Naliendele nilimfuata na teksi, gari dogo la chini. Kuingia aliingia, kwa kudondoka. Kutoka ndiyo ikawa kazi. Mimi ni mkwe wake, simgusi. Hata chumvi simpi mkononi, naiweka chini aichukue. Mke wangu alikuwa sokoni, na dereva aliogopa kumshika mama wa watu. Basi akakaa humo kama mwali mpaka jirani mmoja mwanamke alipokuja kumvuta. Aliposhuka alijifunga kanga vizuri, akasema hataingia tena kwenye tundu la kuku.

Na kweli hakuja tena. Kisha mke wangu akapata mimba ya tatu. Watoto wawili wa kwanza walipozaliwa, mama yake alikuwepo, na akakaa naye arobaini nzima. Safari hii mke wangu hakulalamika. Alisema tu, akiwa anapepeta mchele, "Huyu sijui ataogeshwa na nani."

Akiba ya gari tulikuwa nayo, ya mshahara wangu wa ualimu na korosho za shamba letu dogo la Nanyamba. Haikuwa ya kutamba. Ilitosha gari lililokwishatumika, dogo lakini la juu, lisilokwama kwenye matope ya masika wala kumaliza mshahara kwa mafuta.

Sasa nieleze jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mtu wa magoti mabovu haogopi kukaa juu tu. Kukaa chini humtesa zaidi. Siti ikiwa chini ya magoti yake, atainuka kwa nguvu za mapaja, na hizo hana. Ikiwa juu mno, atapanda kama anapaua nyumba. Urefu unaomfaa ni ule anaoinuka nao kila siku peke yake. Mama yule huinuka kitandani mwake kila asubuhi bila msaada. Kwa hiyo tulihitaji kipimo cha kitanda.

Chumbani kwa mama mkwe siingii. Alikwenda mke wangu na utepe wa kitambaa, akakipima kitanda toka sakafuni, akafunga fundo kwenye utepe palipoishia urefu wake. Aliniletea na mazungumzo yote.

"Unapima nini hapo?"

"Kitanda, mama."

"Mmeanza jeneza mapema."

"Ni gari, mama. Tunataka linalolingana na kitanda chako."

"Basi pima na mto."

Dalali wa mjini alituonyesha magari matatu. La kwanza lilikuwa jeusi, linang'aa, lina redio ya kumsahaulisha mtu shida zake. Mke wangu akasimamisha utepe mlangoni. Fundo likaning'inia shubiri nzima juu ya siti.

"Mwalimu," dalali akaniuliza, "unanunua gari au unashona suruali?"

La pili lilikuwa kubwa. Mke wangu aliinua mguu mmoja, akaurudisha chini. "Hili watuuzie na ngazi."

La tatu lilikuwa la kijivu, rangi ya boneti imepauka. Mlango wa mbele ulifunguka wazi kabisa, na fundo likalala sawa na ukingo wa siti. Mke wangu aliketi, akainuka, akaketi tena, na tumbo lake lote. Alikuwa anatabasamu. Nisieleweke vibaya, injini tuliikagua: fundi aliiwasha ikiwa ya baridi, akatazama oili, akaingia chini kuangalia kama kuna kutu. Wewe pia usiache. Ila mimi moyoni nilikuwa nimeshanunua.

Jumamosi tukaenda Kilambo. Mama alikuwa tayari, na mkeka wake na kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini. Alilizunguka gari, akaligonga kwa kidole. Mke wangu akamfungulia mlango wa mbele.

"Na hapo kwenye usukani anakaa nani?"

"Baba watoto."

"Yaani nikae bega kwa bega na mkwe wangu mpaka mjini?"

Tukatazamana. Tulipima urefu, tukapima na mlango, lakini adabu hatukuipima, wote wawili. Akajaribu nyuma. Mlango wa nyuma ni mwembamba pale kwenye tairi, goti likakataa kupita. Akarudi kusimama. Mke wangu akaketi barazani, mkono juu ya tumbo. Mimi nilitazama mchanga.

Mama alimwangalia binti yake kwa muda. Kisha akachomoa kanga kikapuni, akaagiza pembe moja ifungwe kwenye siti yangu. Nyingine ataishika mwenyewe. Akaketi mbele, makalio kwanza, akaingiza mguu mmoja, halafu wa pili. Hakushikwa na mtu. Kanga ikapanda kati yetu kama pazia.

Tatizo ni kwamba kioo cha kushoto kilikuwa upande wake. Nikapitisha maneno kwa mke wangu aliyekaa nyuma, maana kwa adabu mkwe hasemi na mama mkwe moja kwa moja.

"Mwambie mama, naomba ashushe kidogo, sioni kioo."

"Mwambie gari lake lina vioo vingi, atumie kingine."

"Mwambie pikipiki zinapita upande huo."

Kanga ikashuka mpaka begani, na yeye akageuza uso dirishani. Nikaondoa gari, polepole. Nyuma mke wangu alikuwa anacheka, ameuma ncha ya mtandio. Tulipofika kwenye mashimo, sauti ikatoka upande wa pili, na haikupitia kwa mtu.

"Baba, punguza mwendo. Umebeba mjamzito."

"Ndiyo, mama," nikamjibu.

Naliendele alifungua mlango mwenyewe, akaweka miguu chini, akasimama. Majirani wakamuuliza amekuja na nini.

"Na gari la binti yangu," akasema, kisha akamshika mke wangu tumbo, akalipapasa chini na pembeni. "Mtoto ameshashuka huyu. Tumewahi. Haya, jikoni kwenu kuna sufuria kubwa ya maji ya kumwogeshea?"