Dishi la Kilimani Makambako

Juzi nilipopita Makambako, wanajeshi walikuwa wakilishusha lile dishi kubwa la mawasiliano lililotumika kilimani tangu utoto wangu.

Alasiri moja nikiwa mdogo, mama alivaa koti lake la mtumba, akanipeleka pale kuuliza habari za kaka, askari aliyekuwa nje ya nchi. Palinuka dizeli, na jenereta ilinguruma. Dishi lilikuwa limekinga mbingu. Niliamini linakusanya maneno tone kwa tone, kama mbeta zetu, vile vyombo vya mwanzi, zinavyokinga ulanzi, pombe yetu, kwenye mianzi iliyokatwa.

“Shikamoo. Mnagema mara ngapi kwa siku?” nilimuuliza mlinzi.

Alicheka. “Asubuhi na jioni, binti. Wabena nyie, ulanzi tu!”

“Na jina la kaka yangu limeshadondoka?”

Kicheko kilikatika. Akamgeukia mama. “Hapa zinapita amri, mama. Jina la askari mmoja halipiti, labda awe…” Hakumaliza.

“Basi lisipite, baba,” mama alisema. “Lisipite kabisa.”

Akamshukuru mara mbili, akanishika mkono, tukashuka haraka. Nilinuna njia nzima, nikidhani tunarudi mikono mitupu.