Masikio ya Baba na Mwangwi wa Ampli

Siku kamati ya kwaya ilipomwambia baba apumzike, nilikuwa kwenye kibanda changu Mbugangari, upande wa Rwanda wa mpaka na Goma, natengeneza redio, na niliposikia habari hizo nilijichoma kidole kwa pasi ya kuchomelea nyaya. Nilifunga kibanda saa tano asubuhi, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata mvua ikiingia ndani, nikaenda nyumbani kwa hasira.

Walisema baba hasikii tena. Kisa chenyewe ni ampli yake. Ni amplifaya ya zamani ya gitaa, ya lampe, zile taa ndogo za kioo zinazowaka rangi ya chungwa, na aliivusha kutoka Goma kabla hata ya kuvusha kitanda. Kwa miaka michache baba alikuwa akilalamika kwamba mwangwi wake umekufa nusu. Kila Jumapili aliizungusha swichi ya mwangwi hadi mwisho, akainamisha kichwa, akasema bado. Fundi mmoja wa Goma aliikagua akasema ampli ni nzima, kinachoumwa ni masikio ya mzee. Neno hilo lilivuka mpaka haraka kuliko wauza nyanya.

Nilimkuta mwenyekiti wa kwaya bado amekaa sebuleni, anakunywa chai yetu.

"Mama, usikasirike," aliniambia. "Muzee ametumika vya kutosha. Bon, tutatumia kinanda peke yake. Yeye atakaa mbele pamoja na wazee wengine."

"Atakaa afanye nini?"

"Atasikiliza."

"Si mumesema hasikii?"

Mwenyekiti aliinywa chai yake yote mara moja akaaga. Baba alikuwa anaangalia mikono yake, na hicho ndicho kilichoniuma. Mtu aliyepiga gitaa katika kanisa lile tangu tuliporudi Rwanda alikuwa anahamishiwa kwenye benchi la kusubiri kufa, na kwa adabu kubwa.

Mimi nilijua anasikia. Maji yakichemka jikoni yeye ndiye anayenishtua. Pikipiki ikipanda kutoka Rugerero anakuambia mnyororo wake umelegea kabla haijaonekana. Nikamwambia, papa, kama wewe unasema mwangwi hafifu, basi ni hafifu, na mimi nitaonyesha ni wapi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi, kwa hiyo alikuwa ananidai nimsadiki.

"Jaribu," alisema. "Lakini utoe umeme kwanza. Ile kitu inauma hata ikilala."

Ni kweli. Ampli za lampe hubaki na umeme ndani hata ukishazichomoa, na zimewahi kurusha mafundi wenye kiburi kuliko mimi. Niliumwaga umeme wake kwanza, ndipo nikaanza.

Nilianza na lampe. Ile inayosukuma mwangwi niliibadilisha na nyingine inayofanana nayo, nikawasha, baba akapiga nyuzi mbili. "Bado," akasema. Nikarudisha. Kisha nikachomoa waya unaorudisha mwangwi kutoka kwenye springi, ambazo kutikisika kwake ndiko kunakozaa mwangwi, nikagusa ncha yake kwa kidole. Ampli ikanguruma mpaka vikombe vikacheza. Kwa hiyo njia ya kurudi ilikuwa nzima. Nikapima koili mbili za sanduku la springi kwa mita, ile inayotikisa na ile inayopokea, na zote zilikuwa hai. Nyaya nilizichomelea upya ingawa hazikuwa na kosa, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuogopa.

Ndiyo, niliogopa. Kila nilichopima kilikuwa kinamuunga mkono mwenyekiti. Baba alipiga tena, akasema bado tena, na kwa mara ya kwanza nilijiuliza kama kweli anasikia. Nilijichukia kwa kuwaza hivyo, nikaipiga ampli teke.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ampli ya springi ukiipiga teke hupiga radi. Springi zinagongana, na sauti yake inajaza nyumba. Hii ilisema tu "pu", kama gunia la viazi likianguka. Mimi nilisikia, na masikio yangu hayajafika hamsini.

Sanduku la springi ni bati refu lililowekwa ndani ya mfuko mweusi, chini kabisa ya ampli. Sikuwa nimeufungua mfuko ule kwa kuwa ulikuwa umeshonwa mdomo vizuri mno, na fundi wa Goma bila shaka aliuacha kwa sababu hiyo hiyo. Nikakata uzi. Ndani, kati ya springi na bati, palikuwa na kitambaa cha kitenge, cha bluu na ndege wa njano, kimekunjwa mara nne na kushonwa kingo kwa uzi mwekundu. Kilikuwa kimezibana springi zote tatu kwa upole, kama mtu anavyofunika mikate.

Ule mshono naujua. Uliwahi kuwa kwenye pindo la sare zangu zote za shule. Mama yangu alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, na hapa palikuwa na mkono wake.

Nilielewa mara moja. Mwaka ule mlima wa moto wa ng'ambo ya mpaka ulipolipuka, ardhi yetu ilitetemeka siku nyingi, nyumba zikapasuka kuta, na watu wengine wakakimbilia Mahoko na mbali zaidi. Baba alikataa kwenda. Kila jioni aliwasha ampli akapiga gitaa, na kila ardhi ilipotetemeka, springi nazo zilitikisika na ampli ikatoa radi. Yeye alicheka, akasema mlima unaomba wimbo. Mama na wajukuu walikuwa wanatimka nje kwa kila radi, hawajui ni nyumba inaanguka au ni ampli. Mama alimwomba baba aizime. Nilikuwepo, nilisikia. Baba alisema hatazimiwa ampli na mlima.

Kumbe mama, ambaye hakuwahi kushika bisibisi mbele ya mtu, alilimaliza jambo lile mwenyewe, kwa sindano na kitenge.

Nilidhani baba atalia akikiona kitambaa. Alikasirika.

"Miaka yote hii!" alisema. "Mi nasema mwangwi imekufa, yeye ananiangalia tu, ananipa chai! Watu wanasema mi nimezeeka! Kwa nini hakusema?"

"Alikuambia, papa. We ulikataa."

Siku mbili hakuitazama picha ya mama iliyo ukutani, na siku ya tatu nilimkuta anaifuta vumbi.

Jumapili tulifika kanisani kabla ya kwaya. Niliiweka ampli kando ya kinanda, nikaiwasha. Mwenyekiti alikuja akitabasamu kwa shida.

"Mama, si tulikubaliana?"

"Mimi sikukubaliana na mtu."

Watu walikuwa wameshajaa. Baba alikaa kwenye kiti chake, akafungua mwangwi hadi mwisho, kisha akaipiga ampli kwa kisigino.

Radi ikapasuka kanisani. Kila mtu mle ndani aliipitia mitetemeko ile. Mabenchi yakaburuzwa, akina mama wakawa mlangoni na viatu mkononi, na mwenyekiti alikuwa tayari uani, Biblia yake imebaki sakafuni.

"Munasema mi sisikie," baba alisema kutoka kitini. "Na nyinyi? Mulisikia?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Haikuwa adabu, najua. Niliziona nyuso za wale mama waliokuwa wanarudi kukaa, viatu vyao bado mkononi, na nikamwelewa mama yangu kuliko nilivyowahi kumwelewa akiwa hai. Kitambaa chake kilikuwa mkobani mwangu. Nilikishika, lakini sikukirudisha.

Baba alianza kupiga. Mwangwi ulijaa mpaka kwenye mabati, ukarudi, naye akainamisha kichwa kama kila Jumapili, lakini safari hii hakusema bado. Mwenyekiti aliingia polepole, akasimama kando yake, akamwita, "Muzee." Akamwita tena. Baba hakuitika. Kama hakusikia au alikataa kusikia, sijui, na sikumuuliza.